Chumbageni Yamtuza Zeyana wa Pongwe

Mheshimiwa Liwali, Bwana Mkaguzi wa Shule, uliyekalia kiti nilichowekewa mimi, kaa tu baba, miguu yangu bado mizima, Mwalimu Praxeda, masheikh wetu, ndugu zetu wa Pongwe, majirani wa Chumbageni, na nyinyi watoto mnaoinyemelea halua pale nyuma, nawaona: Asalaam aleikum.

Mimi ni Semeni binti Shekhe, msukaji wa mikeka na mkubwa wa lelemama, ngoma ya kina mama wa hapa Chumbageni. Sikusoma. Herufi kwangu ni nyayo za kuku mchangani. Mtauliza, bibi huyu anatafuta nini penye mashindano ya Kiingereza? Nimesimama kwa sababu tumeshindwa. Katika ngoma zetu, upande ulioshindwa ndio unaotoa mtu wa kumtuza mshindi mbele ya watu, na asiyetuza kwa moyo mweupe, huyo kashindwa mara mbili. Aliyeshindwa leo ni mjukuu wangu Mastura. Nimekuja kutuza.

Kwa waliochelewa, nawe Liwali ulikuwa miongoni mwao, mchezo ulikuwa hivi. Mwalimu Praxeda aliandika herufi chache ubaoni, na wasichana wa pande mbili wakapokezana kutoa maneno ya Kiingereza yanayotoka humo humo, bila kuazima herufi ya nje. Aliyekosa neno aliketi. Jirani yangu akaninong'oneza, "Bi Semeni, ndiyo kitu gani hiki?" Nikamwambia, ni ukindu huu. Ukindu ule ule ukiusuka hivi ni mkeka, ukiufumua ukausuka vile ni kikapu, na mvivu ndiye anayesema majani yamekwisha.

Mastura alinifunza nyumbani. 'Tea' ni chai. Zipange upya herufi zile zile, unapata 'eat', kula. Nikasema, kumbe Waingereza nao wana busara, chai yao na chakula chao vimetoka fungu moja. Ongeza herufi moja, 'seat', kiti. Fumua, suka tena, 'east', mashariki. Tangu siku hiyo sikumpa raha. Nikitwanga, humtaka neno, naye hulitoa kabla mchi haujarudi kinuni.

Basi leo wakabaki wawili wamesimama, Mastura wetu na Zeyana binti Himyar wa Pongwe. Huyu akitoa, kina mama wa Pongwe vigelegele. Huyu akijibu, sisi tunawafunika. Bwana Mkaguzi akasema, "Tafadhali, kimya, hapa si ngomani." Nami nikamwambia, "Bwana, ukitaka kimya ungealika samaki." Kisha Zeyana akatoa 'rest'. Maana yake pumzika. Mastura akatazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Sina zaidi, Mwalimu." Akaketi, mgongo wima.

Zeyana, simama nikuone. Udogo huo, na ukali wa pilipili! Lakini sikusifu kwa maneno uliyotoa. Nilikuangalia mwenzio alipoketi, nawe hukucheka. Mimi mshindi simpimi anapopata yeye, nampima anapokosa mwenziwe. Doti hii ya kanga nilimwekea mjukuu wangu. Ni yako. Mama yako Shamsiya asikunyang'anye, maana namjua.

Sasa nina neno na mwanangu Mwinyijuma, babake Mastura, yule mwenye koti anayeuendea mlango kwa ncha za vidole. Rudi ukae. Jana ulisema barazani, akishinda ataendelea na shule, akishindwa atabaki nyumbani anisaidie kusuka. Nilinyamaza, kwa kuwa wewe ndiye baba yake. Lakini nani aliomba msaidizi? Unakumbuka Pongwe walivyotuaibisha katika lelemama, hata watoto wakatuimbia njiani? Hukumbuki, ulikuwa mgongoni mwangu. Je, nilivunja ngoma nikaifanya kuni za kupikia maharage? Nilikwenda nyumbani, nikalia, nikala, kesho yake nikaanza mazoezi. Mazoezi hayo ndiyo yaliyokubembeleza ukalala. Basi wewe, uliyelelewa na mwanamke aliyeshindwa, umejifunza wapi kwamba anayeshindwa hufungiwa ndani?

Tena mshindi mwenyewe hatujamwuliza. Zeyana, mwakani utacheza na nani?

"Na Mastura, bibi. Nataka marudiano."

Umesikia, Mwinyijuma? Mgeni kaomba marudiano. Chumbageni hatujapata kumkatalia mtu marudiano, na hayataanza kukataliwa mlangoni kwangu. Unasemaje? Sema kwa sauti, utotoni ulikuwa ukipiga kelele bure.

Amesema ataendelea. Mheshimiwa Liwali, umesikia? Sheikh, umesikia? Yatosha, hilo halirudi tena tumboni.

Mwalimu Praxeda, binti yangu kutoka kwa Wabondei, ulikuja hapa hujui mtu, ukawapenda wana wetu kama uliowazaa. Mungu akulipe, sisi hatuwezi. Ndugu wa Pongwe, ahsanteni kwa kutupiga vizuri. Pilau ni juu ya walioshindwa, hivyo kina mama wa Chumbageni, inukeni, mgeni asirudi na njaa. Nanyi nyote mlionivumilia, ahsanteni kwa masikio yenu.

Na wewe Mastura, futa uso. Neno lililokuangusha lilisema pumzika. Basi pumzika leo. Kesho alfajiri mchi unakungoja.