Chagua Upande: Bi Polyxeni Anakiacha Kiti Chake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya jioni hapa Volos, Ugiriki, Bi Polyxeni Karagouni anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tangu atangaze, chumba cha walimu kimekuwa kama matangani. Hatukutaka aondoke. Hakuna aliyetaka kulirithi darasa lake la mtihani, na aliyetajwa kulirithi ni mimi ninayeandika haya.

Darasa hilo ni la insha ya maoni: mtahiniwa hupewa hoja, achague upande, amshawishi msahihishaji asiyemjua. Rahisi kusema! Watoto wetu mezani kwao hubishana mpaka sahani zinatikisika, lakini wakishika kalamu wanageuka mabalozi: huku kuna ukweli, kule nako kuna ukweli, kwaherini. Wengine walikariri insha nzima kama kasuku. Bi Polyxeni alipofika alikuta watahiniwa wetu wote, ndani ya insha zao, wana mjomba mmoja huko Melbourne, aliyefanikiwa kwa bidii. Mada ikiwa michezo, mjomba yumo. Ikiwa uchafuzi wa bahari, mjomba yumo. Akamfanyia mjomba huyo maziko mbele ya darasa, kwa kahawa chungu na biskuti za msibani, na ole wake atakayemfufua.

Kisha akaweka kiti kando ya ubao. Kabla ya kuandika neno moja la Kiingereza, sharti umshawishi kwa Kigiriki mtu aliyekaa pale amekunja mikono. Mara nyingi alikaa mwenyewe, na wallahi alikuwa mgumu.

Asimina, binti wa mwoka mikate Thrasyvoulos, alitaka chuo cha maofisa wa meli, ingawa baba yake alitaka arithi duka la mikate, na bila cheti cha Kiingereza asingeingia. Alikuwa ameshaanguka mtihani kwa kukaa katikati bila kuchagua upande. Mwalimu akamwita baba mtu, akamkalisha kitini na unga wake mikononi.

“Kwa upande mmoja, baba...” akaanza Asimina.

“We binti, unanunua mkate au unauchungulia?”

Darasa likacheka. Asimina akafuta machozi, akasema, “Duka nalipenda, baba. Lakini silitaki. Nakuona unavyoamka usiku na mgongo wako, nami nitakuwa hivyo hivyo, tena kwa kinyongo.”

Mzee akajipangusa unga mikononi, akasema, “Haya. Nenda.”

“Sasa iandike hiyo hiyo kwa Kiingereza,” akasema Bi Polyxeni.

Alifaulu, na leo ni ofisa wa meli. Baba yake analalamika mtaa mzima kwamba mwalimu kamwibia mfanyakazi, lakini kila sikukuu ya mtakatifu mwenye jina la mwalimu ndiye wa kwanza kuleta sinia la pai za jibini.

Basi mwezi uliopita nikajipa moyo. Nikaandika insha ya maoni, kwa Kiingereza, kwa kanuni zake zote: Bi Polyxeni asistaafu. Nilichagua upande. Nilieleza kwamba bila yeye watoto watarudi kukariri, na mfano wangu ulikuwa Asimina. Nikaiweka mezani pake, nikajiona nimemkamata, maana hata mkurugenzi aliisoma akatoa leso.

Kesho yake nikarudishiwa ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Alama zote, isipokuwa moja aliyoikata kwa kumsifu kupita kiasi. Chini aliandika: “Umenishawishi kabisa kwamba darasa linahitaji mwalimu anayejua kuandika hivi. Limempata. Kiti ni chako. Naondoka.”

Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaenda kukaa kitini nione kilivyo. Ni kigumu.

Mwalimu, asante kwa kila mtoto uliyemfanya aseme anachotaka. Uishi kwa afya, ulale mpaka jua litoke, ubishane na unaowapenda. Na mjomba wa Melbourne akifufuka, usijali: kahawa nitamchemshia mimi.