Dada Yetu, Panya wa Kinuni na Sabuni Isiyonukia

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, kifungua mimba wa msaga nafaka, katika nyumba iliyopakana na kinu. Panya walikuwa wengi kuliko sisi. Sisi tuliwafukuza kwa fagio, yeye aliwatazama.

Alisoma sekondari ya bweni, na mwaka 1973 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya viumbe. Enzi hizo mtu alisoma ili ajue, si ili aitwe msomi.

Alifanya kazi maabara hadi alipostaafu mwaka 2009. Aligundua kwamba panya wa kinuni na wa bondeni, waliofanana kama mapacha, walitofautiana ndani: kwa wa kinuni, kromosomu mbili, yaani nyuzi zinazobeba urithi, zilikuwa zimeungana. Wakichanganyika, watoto wao walizaa kwa taabu. Basi, alisema, jike anayechagua dume wa kwao ndiye anayepata wajukuu wengi. Nao wakirithi uchaguzi huo, polepole spishi moja huwa mbili. Picha za nyuzi hizo alizikata kwa mkasi na kuzipanga kwa gundi. Leo mashine hupanga, watu wanakunywa chai.

Wakubwa wake walitaka ushahidi. Katika jaribio la mwaka 1976, majike, ambao humjua dume wa kwao kwa harufu, walikubali dume yeyote, akaambiwa afunge kazi. Ndipo akanusa vizimba. Mtunza vizimba mpya, kwa kutaka kumfurahisha, alikuwa amevisugua kwa sabuni ya waridi.

"Kaka, umewaziba pua maharusi wangu!"

"Nilidhani unapenda usafi, dada."

"Usafi napenda. Haya mawaridi yako ndiyo yananifukuzisha kazi!"

Walirudia kwa maji matupu. Majike wakachagua wa kwao, na kazi yake ikachapishwa. Mtunza vizimba naye hakugusa tena sabuni ya kunukia. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1978. Mama alipouliza kwa nini huyo, dada alijibu, "Nimemchagua kwa pua, mama."

Mwaka 2021 kisukari kilimpofusha, kisha kiharusi kikamvuruga kumbukumbu. Wodini aligoma kula. Kila aliyemshikia kijiko alikuwa mgeni kwake, hata mimi mdogo wake. Muuguzi akamwambia shemeji, "Mzee, usijisumbue, hatakujua." Shemeji akamwinamia dada. Dada akavuta pumzi.

"Huyu wangu," akasema, akafungua kinywa.

Alifariki tarehe 2 Juni 2023, adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake. Gauni alilovaa leo shemeji amelifua mwenyewe, kwa sabuni isiyonukia. Apumzike kwa amani, karibu na harufu aliyoichagua.