Mama Teopista na Mlango wa Boti ya Vitabu

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Teopista anastaafu baada ya kuitunza Boti ya Vitabu ya Kahendero, maktaba yetu ya ziwani, kwa miaka kumi na sita.

Alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akiwa msichana, akauza mitumba Bwera kabla ya kuajiriwa. Sokoni alijifunza kutambua kwa kunusa tu balo la nguo lililoingia unyevu. Ndiyo maana siku ya kwanza alipoingia chumba cha boti hakusoma jina la kitabu hata kimoja. Alivinusa. Vingi vilikuwa vimeanza kuota ukungu.

Mashine ya kuondoa unyevu ilipoletwa, nahodha wetu Danieri aliiwasha, kisha akafungua madirisha yote ili unyevu upate pa kutokea. Kufikia adhuhuri ndoo yake ilikuwa imejaa mara mbili, naye akaisifu sana. Mama Teopista alitazama kipimo cha unyevu ukutani: asilimia themanini vilevile.

"Weye Danieri, funga madirisha! Unataka tukaushe ziwa yote?"

Yalipofungwa, kipimo kilishuka hadi hamsini na tano kabla ya jioni. Tangu hapo ikawa sheria: mlango ufungwe, na wasomaji waingie wanane tu, wakiwa wakavu. Wengine tulisubiri ufukweni. Hatukuipenda sheria hiyo, lakini vitabu vilipona.

Machi 2019, mvua ya radi ilitukuta watoto ishirini na watatu tukisubiri mahali pasipo hata paa. Ndani mlikuwa na vitabu mia sita. Mama Teopista alifungua mlango akatuita sote, tukaingia tukichuruzika maji. Mashine ilinguruma siku tatu bila kupumzika, lakini haikutosha. Vitabu hamsini vilishikwa na ukungu.

Kwenye kikao cha kamati ya boti mjini Kasese, baadhi walitaka aachishwe kazi. Hakumsingizia mtu.

"Batoto balikuwa banalowana. Mulango, ni mimi nilifungua. Kitabu yenye iliharibika, muandike jina yangu."

Kamati ilimpa mwezi mmoja wa kuvinusuru vitabu hivyo. Alivipangusa ukurasa kwa ukurasa, akaviokoa arobaini na kimoja. Tisa vilitupwa. Akabaki kazini.

Mwezi uliopita aliulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa. Tulidhani atataja godoro au mbuzi. Aliomba kibanda cha kusubiria hapo ufukweni, ili atakayeshika funguo baada yake asilazimike kuchagua kati ya watoto na vitabu. Mabati yalifika Jumatano, na Danieri ameshachimba mashimo ya nguzo.

Asante, Mama, kwa kutufungulia. Tunakuombea afya njema na mapumziko yenye amani huko Bwera. Mvua ya kwanza itakaponyesha siku ya boti, watoto wa Kahendero watakuwa wamekaa chini ya paa lako.

Consolée, Senior Four, kwa niaba ya wanafunzi wanaosaidia botini kila Jumamosi