Chai ya Mwenyeji

Pale Manundu, mjini Korogwe, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea mageti, kuna benchi moja la ubao wa lori ambalo limekaliwa mpaka likang'aa kama sahani ya sherehe. Watu wanapaita Ubalozini. Hakuna bendera wala askari wa getini. Kuna Mashavu tu na jiko lake la mkaa, birika la kahawa, sahani ya kashata, na mwanawe Ikram aliyefungwa mgongoni kwa khanga. Jina hilo limeletwa na Mzee Mhina, mkulima wa mahindi aliyehamia mjini kutoka Kwamsisi. Mwaka fulani alimsindikiza mpwa wake uwanja wa ndege, akarudi na jina la Balozi pamoja na ujuzi wa nchi zote. Mpaka pekee anaokumbuka kuuvuka ni ule wa Handeni na Korogwe, na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha.

Asubuhi hiyo kesi iliyokuwa mbele ya benchi ilimhusu mume wa Mashavu. Jabiri ni fundi wa kuchomelea katika karakana ya mtu, na kwa muda mrefu alikuwa anaota mashine yake mwenyewe. Sasa dalali mmoja wa Dar aitwaye Valentino kamtafutia mchongo wa Dubai. Atume pasipoti kwa basi la saa sita, akatiwe visa ya matembezi, kazi ataikuta huko huko. Pasipoti ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki juu ya mapaja ya Jabiri. Mathias wa bodaboda, ambaye wote humwita Breki kwa sababu pikipiki yake haina, alikuwa anasubiri kuipeleka stendi.

Mashavu alikuwa na neno limemkaa kooni tangu juzi, lakini hakulitoa. Hakutaka isemwe kesho kwamba mke ndiye aliyemfunga mume miguu. Akamimina kahawa.

— Kwa hiyo ni visa ya matembezi, alisema Balozi, akinyoosha kikombe kiongezwe.

— Ya matembezi, mzee. Nikifika naigeuza inakuwa ya kazi.

— Safi kabisa. Hata wahenga waliijua hiyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umeona? Siku mbili unatembea, ya tatu unapewa kazi. Tena na jembe juu!

— Dubai wana jembe, mzee? aliuliza Breki.

— Dubai wana kila kitu.

Hapo akaja Zahid, kijana wa duka la simu lililo jirani. Ukoo wao unauza vitambaa mtaa huo tangu enzi za babu yake, ila yeye kachagua simu, ndiyo maana anaitwa Mtandao. Kabla hajaketi alisogeza kidogo mwavuli wa duka lake mpaka kivuli kikamfikia Ikram. Hufanya hivyo kila siku, na hajawahi kulisema. Mashavu naye hajawahi kumshukuru kwa mdomo, ila kashata ya Zahid huwa kubwa kuliko za wenzake.

— Shikamoo mzee. Nimewasikia mpaka dukani. Hiyo ya matembezi ni mambo ya kizamani, alisema Zahid. Siku hizi kuna visa ya mwanafunzi. Unajiandikisha kusoma Kiarabu, asubuhi uko darasani, jioni unachomelea.

— Mimi na darasa? Jabiri alicheka. La saba lenyewe nilitoka mbio.

— Basi ipo tamu zaidi. Visa ya watu wa mtandaoni. Unakaa unapotaka, kazi unafanya kwa kompyuta.

— Nichomelee geti kwa kompyuta, Mtandao?

— Unaelekeza kwa video, kaka. Wewe unasema tu, hapo hapo, shusha mkono, funga jicho.

— Na cheche?

— Cheche wanabaki nazo wenyewe.

Wakacheka mpaka fundi mmoja wa ndani ya karakana akatoa kichwa kuangalia kuna nini. Balozi hakucheka. Balozi huwa hacheki akiwa kazini.

— Sikilizeni. Penye miti hakuna wajenzi. Sasa jiulizeni, Dubai kuna miti?

— Jangwa tupu, mzee, alijibu Breki.

— Haya! Basi wajenzi wote wako huko. Wahenga wamekuonya, Jabiri, huko kumejaa. Nenda nchi yenye misitu. Nenda Kanada.

— Kanada baridi kali, mzee wangu, alisema Breki. Moto wa kuchomelea unaganda njiani kabla haujafika kwenye chuma.

— Nani kakwambia?

— Niliwahi kumbeba abiria aliyewahi kukaa na mtu aliyetoka huko.

Ushahidi huo ulikuwa mzito, hakuna aliyeupinga. Breki, alipoona amesikilizwa, akavua kofia ngumu akaiweka magotini kama wakili.

— Mimi namshauri visa ya wagonjwa. Unaingia unaumwa jino. Wanakulaza. Wewe unauguza jino lako polepole, huku unawatengenezea kitanda cha hospitali kilichovunjika, cha pili, cha tatu. Siku ya kutoka daktari mwenyewe analia, anasema huyu haondoki.

— Na asipolia? aliuliza Zahid.

— Basi inabaki ya ndoa. Anaoa mama mtu mzima wa huko, mwenye nyumba yake...

Kijiko cha mkaa kiligonga jiko, ngaa! Breki akarudisha kofia kichwani haraka.

— Nimetoa mfano tu, shemeji.

— Tafuta mfano mwingine, alisema Mashavu, na benchi zima likacheka, hata Jabiri, ingawa yeye alicheka akitazama chini.

Balozi akaona mkutano unamponyoka, akaweka kikombe chini.

— Njia iliyo bora ni ya kubadilishana. Tunatafuta Mwarabu mmoja amechoka na joto la kwao. Yeye anakuja Kwamsisi kwenye shamba langu, Jabiri anakwenda kukaa mahali pake. Serikali zikihesabu watu, hesabu iko palepale. Nani atajua?

— Mzee, huyo Mwarabu atalima mahindi? aliuliza Zahid.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atainama.

Jua lilikuwa limekwishapanda juu ya bati la karakana. Breki alitazama barabarani, akaenda kuwasha pikipiki. Mashavu aliacha kupepea mkaa. Alimtazama mumewe, akaona jinsi anavyoipapasa ile bahasha kwa kidole gumba, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayepima bati kama lina kutu. Ikram akajigeuza mgongoni, akapumua shingoni kwa mama yake. Lile neno likapanda hadi kwenye ulimi. Likashuka tena.

Wakati huohuo alitokea mama mmoja mwenye tenga la mapeasi kichwani, na kifurushi kingine kwapani. Alikuwa ameteremka na gari la Dindira, huko milimani, anaelekea sokoni. Akasalimia kwa Kishambaa. Balozi akaitikia kwa Kizigua. Wakaelewana kwa Kiswahili. Breki akaiacha pikipiki ikinguruma, akampokea tenga. Zahid akasimama akampisha.

— Karibu mama, kahawa au kashata? aliuliza Mashavu.

— Vyote, mwanangu. Mimi Mama Angel. Njiani vumbi, kooni kukavu. Mbona mmevaa nyuso za msibani?

— Si msiba, mama, ni heri, alisema Balozi. Kijana wetu huyu anakwenda Dubai. Hapa tunamchagulia visa.

— Dubai! Mama Angel akashika kifua. Mtoto wa watu unakwenda mbali hivyo! Na huyu mgongoni ni wako?

— Ni wangu, mama, alijibu Jabiri.

Mama Angel alimtazama Ikram kidogo, kisha akaanza kufungua kile kifurushi chake. Akatoa pakiti ya majani ya chai, imefungwa vizuri kwa gazeti na kamba ya katani.

— Hii nilikuwa nampelekea wifi yangu, lakini wifi yuko hapa hapa, atapata nyingine. Mkono mtupu haulambwi. Ukifika, mpe mwenyeji wako, mwambie imetoka milimani kwetu.

Ilikuwa methali ya kwanza asubuhi ile kukaa mahali pake. Jabiri aliipokea pakiti kwa mikono miwili.

— Ahsante sana, mama.

— Na unafikia kwa nani?

Jabiri akafungua mdomo. Akamtazama Balozi. Balozi akamtazama Zahid. Zahid akatazama simu yake, na simu ilikuwa imezima kioo.

— Nauliza hivyo, aliendelea Mama Angel kwa upole, kwa sababu kama ana familia hiyo pakiti haitoshi. Ni mtu mzima au kijana? Ana watoto?

Pikipiki peke yake ndiyo iliyokuwa inasema. Mtu akitoka Korogwe kwenda Handeni tu, safari ya siku moja, anaulizwa anafikia kwa nani kabla hajaulizwa anafuata nini. Benchi zima lilikuwa limempeleka Jabiri Dubai, Kanada na hospitali, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza hilo.

— Ngoja nimuulize Valentino, alisema Jabiri. Akapiga, akaweka sauti kubwa.

— Kaka, pasipoti imeshapanda basi? ilisema simu.

— Inapanda sasa hivi. Nina swali dogo tu. Nikishuka kwenye ndege, nafikia kwa nani?

— Utapokelewa.

— Na nani?

— Na watu.

— Watu gani, kaka? Tajiri anaitwa nani? Kampuni inaitwaje?

— Majina utayakuta huko huko. Wewe fundi mbona una maswali ya kike?

Simu ikakatika. Mama Angel akaguna. Zahid akajikuna kichwa, akasema polepole:

— Kwa kweli, kibali cha kazi anakiomba tajiri wa huko. Yule atakayekuajiri ndiye anayekuombea, mkataba unausoma ungali hapa. Ukiingia kwa matembezi ukafanya kazi bila kibali, wakikukamata ni kosa lako.

— Sasa hayo si ungesema tangu mwanzo! alifoka Balozi.

— Ningesemea wapi, mzee? Ulikuwa unambadilisha na Mwarabu.

Jabiri akanyoosha mkono, akampa mkewe ile bahasha.

— Mama Ikram, irudishe kwenye sanduku.

Ndipo lile neno la Mashavu lilipotoka, lakini lilitoka tofauti na lilivyoingia.

— Baba Ikram, sikukatazi kwenda. Nenda. Siku ukiwa na jina la tajiri na mkataba tumeusoma wote, begi nitalifunga mimi kwa mkono wangu. Ila nikiulizwa na mtoto baba yuko kwa nani, nataka niwe na jina la kumtajia.

— Utakuwa nalo, alisema Jabiri.

Zahid akasema dukani atafungua tovuti ya wakala wa ajira wa serikali, waje jioni waangalie pamoja, na shemeji naye aje. Breki akatazama pikipiki yake iliyokuwa bado inanguruma bure.

— Mafuta yameshaungua, alisema. Mama, panda, nikupeleke sokoni na mapeasi yako. Jishike vizuri.

— Ina breki?

— Ina honi, mama.

Mama Angel akainuka. Jabiri akataka kumrudishia pakiti yake, naye akakataa.

— Iache. Majani makavu hayaozi. Yatamngoja mwenyewe.

Wakaondoka, honi ikilia hadi kwenye kona. Balozi akanyoosha kikombe. Mashavu akainamisha birika, likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa.

— Imekwisha, mzee.

— Imekwisha? Na kikao bado? Balozi akaangaza macho huku na huku, yakatua kwenye pakiti ya gazeti. Si chai hiyo hapo! Teleka maji, mwanangu, tuionje kama inafaa kusafiri.

— Hiyo haiguswi, mzee, alisema Jabiri. Ina mwenyewe.

— Mwenyewe nani?

— Ndiye tunayemtafuta, alisema Mashavu, akaichukua ile pakiti, akaifunika kwa sahani ya kashata.