Muuguzi Eustadia na Gari Lililopumzishwa

Muuguzi Eustadia, shikamoo. Kwetu hatujambo. Baba Ishimwe anakusalimu, mgongo bado unamsumbua ila analima hivyo hivyo. Bibi wa watoto anakusalimu. Binti yangu Stela anakusalimu, na pacha wake wawili, watundu hao usiseme. Shemeji yangu Prosperi anakusalimu kwa mbali, maana bado anakuogopa. Na mwanangu Ishimwe anasema shikamoo mama. Mimi Spesioza, mfagizi wa zahanati, nimeambiwa niandike habari zako zisomwe siku ya kukuaga. Nimeandika, mwandiko mtanisamehe.

Muuguzi Eustadia amewahudumia wagonjwa wa akili miaka thelathini na mmoja, na anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianzia Tabora mjini, akikaa Isevya, ndipo akapewa huduma ya mkoba, ya kuwafuata wagonjwa vijijini, huku kwetu, njia ya Usinge. Gari lilikuwepo wakati huo.

Siku za mwanzo hakuja mtu. Nani aonekane anaingia kliniki ya vichaa? Akaihamishia siku ya gulio. Siku hiyo kila mtu yuko barabarani na kikapu, huwezi kujua nani kafuata sindano na nani kafuata chumvi. Wakaanza kuja.

Ishimwe wangu, naye alishaugua akili, hakuweza kuja. Prosperi alikuwa amemfunga kamba kwenye nguzo ya ghala la mahindi. Eustadia akasimama uani, mikono kiunoni: "Mzee Prosperi, mbuzi wako wanazurura mpaka kwenye karanga za watu, mtoto ndiye umemfunga? Basi lete mbuzi nimchome sindano!" Majirani wakacheka, kamba ikafunguliwa. Leo Ishimwe anachomwa kila mwezi, ana kitalu chake cha tumbaku, na anatusumbua tumtafutie mke.

Baadaye wakaja wakubwa wa bajeti. Walikuja na magari matatu kutuambia mafuta ya gari moja hayapo. Wakala kuku wetu, wakatufundisha kubana matumizi, wakafuta midomo, wakaondoka. Gari la huduma ya mkoba likapumzishwa, maskini, lilikuwa limechoka.

Eustadia akapanda lori la wanunuzi wa asali. Alishuka gulioni vumbi mpaka kwenye kope na nyuki wanamfuata. Wagonjwa wakikimbia, anawaita: "Rudini kwenye foleni! Hao hawachomi kama mimi!"

Sasa sikieni akili za wenye akili. Wakubwa waliona gari halipo na sindano zinaendelea, wakasema kumbe gari halikuhitajika. Wakapigiana makofi. Mwaka huu wakaona gulioni hakuna anayepiga kelele wala aliyefungwa kamba, wakasema kumbe huku ugonjwa umekwisha, basi Eustadia akiondoka asiletwe mwingine. Ni kama mtu aone nyumba haivuji, apande juu aezue mabati akayatunze stoo. Hongereni sana. Mmeokoa fedha.

Mmoja wao, Bwana Raymundi, suti yake safi, alimwomba Eustadia aendelee kuja akishastaafu, ajitolee tu kwa moyo. Akamjibu: "Mwanangu, na wewe mshahara wako unaupokea kwa moyo, au kwa benki?" Bwana Raymundi akakumbuka ana simu ya kupiga.

Mama, asante. Hukutuonea kinyaa, hukutuita majina. Nenda kwako Lusu, ulale mpaka jua liingie ndani, miguu ipoe, wajukuu wakuchoshe wewe badala ya sisi. Mungu akupe miaka ya raha, ni haki yako, na asiyetaka akuone hivyo hivyo umenawiri.

Ninyi wakubwa mtakaokaa viti vya mbele siku hiyo, sitaki hotuba. Sindano ya Ishimwe inaangukia gulio la mwezi wa saba. Ananiuliza atakuja nani, nami najifanya sijasikia, nakoleza moto. Jana kaniuliza tena, kisha akaenda kuitazama ile nguzo ya ghala la mahindi. Niambieni jina la huyo muuguzi. Leteni habari upesi, gulio lisitukute hatujui.