Mpangaji Hataki Kula

MUUGUZI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi.

MUUGUZI: Mimi nani? Namba hii siijui.

FUNDI: Mimi mdogo wako, dada. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo, hii nimeazima kwa mteja. Shikamoo.

MUUGUZI: Marahaba. Ndoo tena? Wewe mikono yako ina— haloo? Inakwaruza huku. Haloo!

FUNDI: Nakusikia.

MUUGUZI: Mama hajambo?

FUNDI: Mama yupo.

MUUGUZI: Haya. Na Mpangaji? Amekula?

FUNDI: Ndiyo maana nimepiga. Kuku hajala. Leo siku ya nne.

MUUGUZI: Si juzi uliniambia amedonoa?

FUNDI: Alidonoa kidole changu.

MUUGUZI: Yuko wapi sasa hivi?

FUNDI: Chini ya cherehani, kajikunyata kwenye mabaki ya vitambaa, manyoya yamemsimama. Nikikanyaga pedali anaruka, anagonga kichwa, anapiga kelele kama anachinjwa. Tangu asubuhi nimeshona mshono mmoja. Mmoja, dada! Mteja kakaa hapo nje na taulo kiunoni anasubiri suruali yake.

MUUGUZI: Basi tulia, twende taratibu. Kinyesi kikoje?

FUNDI: Umeanza.

MUUGUZI: Jibu swali. Cha kijani, cheupe, majimaji—

FUNDI: Kinyesi ni kinyesi! Kiko kwenye kola ya sare ya shule. Sikukaa kukitazama.

MUUGUZI: Kile kifuko cha chini ya shingo, umekibonyeza?

FUNDI: Kitupu. Jana nimekibonyeza mara tatu kama ulivyoniagiza, mpaka kuku akaniona mimi ndiye mgonjwa.

MUUGUZI: Maji ya sukari na chumvi?

FUNDI: Nimempa. Kwa kijiko, kwa kifuniko, kwa lile bomba la sindano ulilotuma. Akanitemea.

MUUGUZI: Kuku hatemi.

FUNDI: Njoo umwone.

MUUGUZI: Na mgongo? Bado anajinyonyoa manyoya?

FUNDI: Mgongo wote uko wazi. Nikamwonea huruma, nikamshonea koti.

MUUGUZI: Ukamshonea nini?

FUNDI: Koti. Kitambaa laini, nimetia na bitana, vifungo viwili tumboni—

MUUGUZI: We mtoto, una akili timamu wewe?

FUNDI: Nilimpima vizuri! Lilimkaa sawasawa. Tatizo alipovishwa akadhani kuna mtu kamshika. Akaanza kurudi nyuma. Kinyumenyume, kinyumenyume, chumba kizima, mpaka akaangusha pasi.

MUUGUZI: Yenye moto?

FUNDI: Yenye moto.

MUUGUZI: Mungu wangu! Kaungua?

FUNDI: Yeye mzima. Suruali ndiyo imeungua. Punguza sauti basi, mwenye suruali hajaambiwa.

MUUGUZI: Huyo kuku anahitaji daktari wa mifugo, siyo mshonaji.

FUNDI: Kaja jana. Kamshika, kamgeuza, kamfungua mdomo, kamtazama macho. Kasema huyu hana ugonjwa, ana woga. Akaniuliza, nani alikuwa akimlisha? Nikamwambia Mama. Akauliza, Mama kaenda wapi?

MUUGUZI: Ukamjibu nini?

FUNDI: Sikumjibu. Nikamwonyesha. Si yupo hapo kwenye kiti chake, dirishani.

(Mtandao unakwaruza.)

MUUGUZI: Umekatika hapo. Sikusikia.

FUNDI: Umesikia.

MUUGUZI: Labda... sikiliza, labda umtafutie boksi. Liwe na giza ndani, umtandikie, uliweke mahali pasipo na kelele—

FUNDI: Dada.

MUUGUZI: —na maji karibu, halafu usimguse siku mbili—

FUNDI: Dada, hunielewi! Kuku huyu hataki boksi. Mama alikuwa akimsema kutwa nzima, unakumbuka. Wewe Mpangaji umeamka, wewe Mpangaji njoo hapa, kodi hulipi na kitanda changu unakipanda. Ndiyo kuku anakula. Bila kugombezwa, hali. Sasa Mama hajatamka neno tangu kiharusi kile. Wiki ya tano hii. Mwanzoni kuku alikuwa anapanda mapajani kwake, anakaa, anamtazama mdomo. Anasubiri asemwe. Kasubiri wee, hasemwi. Ijumaa akashuka, hapandi tena.

MUUGUZI: Sasa si ungemsema wewe?

FUNDI: Nimemsema! Nimemsema mpaka majirani wakaja kuuliza nagombana na nani. Akinisikia mimi anakimbia.

MUUGUZI: Basi muache. Akisikia njaa atakula mwenyewe. Ni kuku tu, jamani.

FUNDI: Ni kuku tu?

MUUGUZI: Ndiyo, ni—

FUNDI: Ngoja nimalize! Kuku akiwa mapajani, Mama alikuwa anafungua mdomo. Anampapasa kwa ule mkono mzima, mimi nampa uji, anameza. Bakuli zima linaisha. Kuku alivyoshuka, Mama naye akafunga mdomo. Juzi vijiko sita. Jana viwili. Leo hata kimoja. Umeelewa sasa kwa nini natambaa chini ya cherehani?

MUUGUZI: Mbona hukuniambia?

FUNDI: Mbona hukuuliza? Unauliza Mama hajambo, hapo hapo unahamia kwa kuku. Kila siku kuku! Kinyesi cha kuku, shingo ya kuku, kuku kalala, kuku kaamka. Wiki tano, dada, hujasema hata mara moja, nipe Mama niongee naye.

MUUGUZI: Niko zamu mfululizo. Wodi yetu imejaa mpaka koridoni, unajua hali ya—

FUNDI: Naijua wodi yenu. Wazee wa watu unawageuza, unawalisha, unawaita mama, unawaita baba.

MUUGUZI: Usiniambie hivyo.

FUNDI: Nikuambieje? Nimechoka! Namwogesha Mama nimefumba macho, naye kafumba yake, tunaoneana haya wote wawili. Halafu jioni unanipigia kuniuliza kuku kanya rangi gani.

(Kwenye simu zinasikika kelele za wodi tu.)

FUNDI: Haloo? Umekata?

MUUGUZI: Sijakata.

FUNDI: Basi sema.

MUUGUZI: Nasema nini? Kila siku nawaona wa hivyo. Najua nani anarudi na nani harudi, hata kabla daktari hajaandika. Nimpigie Mama, niseme Mama, halafu nisikie kimya? Mama yangu mimi, asiyenyamaza hata usingizini? Naogopa. Haya, umefurahi? Naogopa! Kuku najua cha kumfanyia.

FUNDI: Mimi pia naogopa, dada. Ila mimi nimo humu ndani.

MUUGUZI: (anapumua) Na huyo kuku naye kazidi.

FUNDI: Usimsingizie kuku.

MUUGUZI: Kazidi! Mama hali kwa ajili yake, na yeye kajificha huko anadeka. Niweke spika.

FUNDI: Ya nini?

MUUGUZI: Niweke spika nimwambie.

FUNDI: Umwambie kuku?

MUUGUZI: Weka, usinibishie!

FUNDI: Haya, nimeweka. Niko naye hapa chini, magoti yananiuma. Ongea.

MUUGUZI: Wewe Mpangaji! Una haya wewe? Unalala bure, unakula bure, unachafua nguo za watoto wa watu, na ukiandaliwa chakula unanuna! Nani kakuoa mpaka uinunie nyumba nzima? Toka huko! Umenisikia? Toka kabla sijaja na ufagio!

FUNDI: Dada.

MUUGUZI: Sijamaliza!

FUNDI: Dada, katoa shingo.

MUUGUZI: Nani?

FUNDI: Kuku! Katoa shingo nje. Endelea, usinyamaze. Umesema kama Mama. Sauti ile ile, hata mimi nywele zimenisimama.

MUUGUZI: Unanitania.

FUNDI: Endelea kumsema! Anarudi ndani!

MUUGUZI: Wewe... wewe Mpangaji! Unarudi wapi? Nakuona! Unajifanya mgonjwa, ugonjwa gani huo wa kuchagua? Mtama upo, maji yapo, kijana wa watu kakushonea mpaka koti, na bado hutosheki! Pita huku! Miguu yako imekufa ganzi? Pita!

FUNDI: Anakuja. Anakuja, anakuja... anazunguka anatafuta sauti inatoka wapi. Kadonoa! Dada, kadonoa punje! Moja. Mbili. Sema tena.

MUUGUZI: Kula! Kula unavyokula siku zote, mlafi mkubwa, mmwaga mtama!

FUNDI: Kadonoa mpaka kashiba huyo, anaondoka. Anakwenda kwa... kapanda. Kapanda mapajani! We dada, kakaa kabisa!

MUUGUZI: Chukua uji. Chukua uji haraka, kabla hajashuka.

FUNDI: Nachukua. Nina bakuli hapa, nimeli— Dada, nyamaza kidogo.

MUUGUZI: Nini? Kashuka?

FUNDI: Hapana. Mama kageuza shingo.

MUUGUZI: Anamtazama kuku.

FUNDI: Hamtazami kuku.

MUUGUZI: Basi anatazama simu.

FUNDI: Simu nimeishika mimi, hata haioni. Anatazama mlango.

(Mtandao unakwaruza.)

MUUGUZI: Kuna mtu kaingia?

FUNDI: Hakuna mtu. Anautazama tu. Mdomo wake unatikisika— Mama, taratibu. Kashika mkono wa kiti, anataka kuinuka. Mama, tulia, utaanguka! Tulia, mama yangu. Dada, anadhani umefika. Sema kitu basi! Mwambie uko kwenye simu.

MUUGUZI: Usimwambie hivyo.

FUNDI: Nimwambie nini sasa? Hatoi macho mlangoni!

MUUGUZI: Mwache atazame. Umempa uji?

FUNDI: Kijiko kimoja. Kameza. Anameza huku anatazama. Cha pili... kameza. Dada, mwite. Mwite Mama mara moja tu, asikie.

MUUGUZI: Kata simu.

FUNDI: Nini?

MUUGUZI: Nimesema kata simu.

FUNDI: Unakimbia tena! Mama anakutafuta mlangoni na wewe unakimbia! Haki ya Mungu, dada, safari hii—

MUUGUZI: Kata simu we mtoto, unanichelewesha! Basi linaondoka saa nane, na hata ruhusa kwa mkuu wa wodi sijaomba!