Docteur Wivine Kasonde, Aliyelala Kitandani Ili Wengine Wajifunze Kuona

Docteur Wivine Kasonde, ambaye sisi familia yake tunamsindikiza leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, alizaliwa Kasenga, ukingoni mwa Luapula, Jumapili tarehe 14 Machi 1971. Alikuwa mtoto wa pili wa Papa Kasonde Fidèle, mshona nyavu, na Mama Nkandu Philomène, muuza samaki. Wanaosema kwamba alizaliwa na akili ya udaktari wanampa Mungu kazi ambayo mama yake ndiye aliyeifanya. Alizaliwa na macho makali, basi. Mama Nkandu ndiye aliyeyafundisha kazi.

Alfajiri mitumbwi ilipofika, mama alipatana bei na wavuvi, na Wivine aliinua mashavu ya samaki na kutazama ndani. Yakiwa mekundu alisema, yakiwa ya kijivu alisema. Maneno ya muuzaji hayakuhesabiwa. Siku moja muuzaji alikuwa mzee wa ukoo, mtu wa kuamkiwa kwa magoti. Wivine aliinua shavu la samaki mkubwa, makobo, akaona kijivu, akanyamaza. Walipofika nyumbani akasema polepole, "Mama, ule samaki hakuwa muzuri."

"Uliona wapi?"

"Kulee kwa mutumbwi."

"Na ukanyamaza?"

"Alikuwa nkambo, mama. Ningemuambia namna gani?"

"Basi njo weye ulimununua. Utamukula."

Alimpikia kweli. Wivine alimeza vipande viwili akakimbilia nyuma ya nyumba, na kaka yake Kapya alicheka mpaka naye akachapwa. Tangu siku ile nyumbani kwa Kasonde palikuwa na sheria isiyoandikwa popote: aliyeona akanyamaza, ndiye aliyenunua. Tunaomba mkumbuke neno hilo. Tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi Kasenga, kisha akaletwa Lubumbashi kwa shangazi yake, mtaa wa Kampemba, akasoma kwa masista na kupata diploma ya serikali mwaka 1989. Masomo ya udaktari aliyaanza mwaka uleule, na kwa sababu ya migomo na vurugu za miaka ile, hakuyamaliza hadi 1998. Wakati wenzake waliketi nyumbani kungoja chuo kifunguliwe, yeye aliuza samaki wakavu sokoni pamoja na Kapya. Wateja walimpenda na kumwogopa, maana akikuuliza "Mama, unatembea vibaya, ni goti?" hukuondoka mpaka umejibu.

Mwaka 1999 alipelekwa Sakania. Huko mpakani aliwapima watu walioshushwa kutoka kwenye treni na malori kwa mikono, masikio na imani tu, bila mashine. Mwaka 2004 waliletewa mwanamke kijana, tumbo limekaza kama ngoma, anazungumza vizuri, anaomba maji. Wivine na mwenzake walibishana: ni malaria, ni uzazi, ni tumbo la kawaida? Wakati wanabishana yule mwanamke alikuwa anavuja damu kwa ndani, na akafia mikononi mwao akiwa bado anaomba maji. Wivine hakupenda kulisimulia jambo hilo. Alipolisimulia alisema tu, "Nilikuwa inje ya nyumba, mulango umefungwa, na moto iko ndani."

Sakania ndiko alikompata mumewe, Papa Alphonse Chama, mtoto wa mfanyakazi wa reli na yeye mwenyewe mtu wa reli. Alphonse alikuja zahanati mara kwa mara akilalamika tumbo. Mara ya nne Wivine alimbonyeza kila upande, akamfunika shati, akamwambia: "Tumbo yako haina kintu. Sema kile ulikuya kusema." Akasema. Walifunga ndoa ya kanisa tarehe 21 Julai 2001. Mungu aliwapa Sephora mwaka 2003 na Nono mwaka 2007. Papa Alphonse anashuhudia kwamba kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kufaulu kumficha kitu, hata zawadi.

Mwaka 2006 alirudi Lubumbashi, katika urgence, idara ya wagonjwa wa dharura, ya hospitali moja kubwa ya mji huu. Mwaka 2014 alikwenda Lusaka kujifunza ekografi ya kando ya kitanda. Kwa wazee wetu ambao hawajaiona: ni mashine inayotazama ndani ya mwili kwa njia ya sauti, na ile ndogo unaibeba kwapani. Kijana wa pikipiki aliyegongwa na lori hana muda wa kungoja apandishwe kwenye chumba cha picha. Mashine inamfuata alipo. Unapaka jeli, unaweka kile kichwa cha mashine ubavuni, katikati ya ini na figo, na damu iliyomwagika inaonekana nyeusi. Hapo unajua: huyu anakwenda kupasuliwa sasa hivi.

Mashine yenyewe aliinunua Ndola. Kapya ndiye aliyeongea bei. Muuzaji alianza mazungumzo akicheka, akayamaliza akijipangusa jasho.

Mwaka 2015 alianza somo la Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa udaktari, bila kuombwa na mtu. Wagonjwa hawakupaswa kuwa ubao wa kujifunzia, alisema, kwa hiyo alilala yeye mwenyewe kitandani, akainua blauzi kidogo, akafumba macho. Skrini aliigeuzia wanafunzi, yeye asiione. Mwanafunzi alitembeza kichwa cha mashine, na Wivine aliuliza swali moja tu: "Unaona nini?" Hakutaka kuonyeshwa, alitaka kuambiwa. Alisema urgence usiku ina kelele, mpasuaji yuko kwenye simu, hawezi kuona unachokiona. Kama mdomo wako hausemi, macho yako hayana faida. Wakijikanyaga aliwatania akiwa amelala: "Hiyo unayoita figo ni chakula yangu ya asubuhi. Songa juu kidogo."

Wengi mliosimama hapa mmefundishwa juu ya mwili wake. Ini lake mnalijua kuliko mumewe anavyolijua. Wapo watu wanaotembea leo katika mji huu kwa sababu ya Jumamosi zile. Dereva mmoja wa pikipiki amekuja, yuko pale nyuma na fimbo yake, hatutamtaja jina.

Wa kwanza katika wanafunzi wake alikuwa Docteur Zéphirin. Wivine alimchukua akiwa hana pa kulala, akala mezani kwake na kumwita Maman kabla hajaitwa daktari. Alipohitimu, Wivine alimfanya msaidizi wake wa Jumamosi.

Sasa kuhusu ugonjwa. Watu wema walituomba tuandike kama kawaida ya programu hizi za mazishi: "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Tumekataa. Ugonjwa huu haukuwa mfupi. Ulikuwa mrefu, ulikuwa na mashahidi, na mashahidi walikuwa wanaosema "iko muzuri."

Jumamosi tarehe 21 Septemba 2024 ilikuwa zamu ya mwanafunzi mpya, Abigaïl. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika mashine. Wivine alikuwa amelala, macho amefumba, kama siku zote.

"Unaona nini?"

"Naona ini, Maman. Naona figo. Maji hapana." Akasogeza kichwa cha mashine. "Lakini kwa figo, hapa juu, iko kintu."

Docteur Zéphirin akasema haraka, "Endelea na kibofu, Abigaïl."

"Kintu gani?" akauliza Wivine.

"Docteur anasema niendelee."

"Mugonjwa ni miye. Kintu gani?"

"Ya muviringo, Maman. Iko nguvu, haina maji ndani. Ni kubwa sawa limau."

Wivine alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliinuka akaigeuza skrini. Alitazama, akapima, akapima tena. Kisha akawatazama wanafunzi, na hapo, alimwambia Papa Alphonse baadaye, ndipo ugonjwa ulipomwingia. Si kwenye skrini. Kwenye nyuso zao. Hakuna aliyeshangaa.

"Mulikuwa munajua," alisema.

Akashusha blauzi.

"Tangu lini?"

Kijana mmoja, Katongo, akajibu akiangalia viatu vyake: "Tangu Pâques ya mwaka ilipita, Maman. Ilikuwa kidogo sana."

"Zéphirin?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, Maman. Mutoto ataambiaka mama yake neno kama ile namna gani? Habari ya vile inapitaka kwa famille. Tulisema mukubwa mumoja wa famille njo atakuambia."

"Na mukubwa gani mulimuambia?"

Hakuna. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Zéphirin alikwenda kweli, hadi soko la Kampemba, hadi kwenye meza ya samaki ya Kapya. Alisalimia, akaulizia watoto, akachagua samaki wawili, akalipa bei ya kwanza bila kuomba kupunguziwa, akaondoka. Kapya alishangaa, maana mtu asiyebishana bei sokoni ana jambo rohoni. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba bila shaka kijana anataka kuposa, Sephora ajitayarishe. Ndivyo tulivyocheka, na uvimbe ule ulikuwa unakua.

Desturi ni njema. Habari ya kifo haitupwi usoni kwa mtu mzima. Inabebwa na mkubwa, kwa mpango, watu wameketi. Tumelelewa hivyo na tutawalea watoto hivyo. Lakini huyu alikuwa amelala mbele yenu na kufumba macho kwa makusudi, kwa kuwa aliamini midomo yenu kuliko macho yake. Kila Jumamosi aliwauliza. Kila Jumamosi mlimjibu: ini muzuri, figo muzuri. Hiyo siyo heshima. Ni kumuuzia mtu samaki wa kijivu na kumwita mama.

Mpasuaji aliyemwona mwezi wa Oktoba alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema mwaka uliopita angetoa figo moja, na Wivine angerudi kazini kabla ya mvua kwisha. Sasa kansa ilikuwa imefika kwenye pafu na kwenye mfupa wa mgongo. Kumbe ndiyo yale maumivu ya mgongo ambayo sisi sote tulidhani ni ya kusimama usiku.

Wivine alirudi kufundisha hata hivyo, hadi Machi mwaka huu. Alilala palepale, na kila mwanafunzi alipaswa kuanzia kwenye figo ile na kusema kwa sauti imekua kiasi gani. Wengine walilia. Wengine waliacha kuja. Na wengine walimgeukia Abigaïl. Walisema ana mdomo mbaya, kwamba maman alikuwa mzima mpaka yule msichana alipoutaja ugonjwa. Hakuna aliyeketi naye. Alikuja Kampemba kumuaga Wivine, kwamba anaacha masomo anarudi kwao. Wivine alimwuliza swali moja: "Ulisema uongo?"

"Hapana, Maman."

"Basi Jumamosi ukuye. Miye njo nitalala, weye njo utashika."

Mwezi wa Mei, alipokuwa hatoki tena chumbani, Docteur Zéphirin alikuja kuomba msamaha. Alikuja kama mila inavyotaka, na mjomba wake wa kumsemea, na kuku wawili. Mjomba alianza vizuri, kwa mithali. Wivine akamkatiza kwa adabu: "Papa, karibu sana, watakuletea Fanta. Lakini yeye iko na mdomo." Akaagiza mashine iletwe. Akainua nguo. Zéphirin alipaka jeli, akaanza kulia.

"Machozi hapana. Unaona nini?"

"Maman, tafazali..."

"Unaona nini?"

Akasema. Alisema yote, figo, ini, maji yaliyoanza kujaa, vipimo vyote, mbele ya mjomba wake na mbele ya Papa Alphonse. Ilichukua muda. Alipomaliza, Wivine alishusha nguo na kusema, "Ni kweli. Umesema muzuri. Ingenifaa wakati ule." Kisha akageuka ukutani. Kuku tuliwapokea. Msamaha hatukuusikia. Padri naye aliuliza habari ya msamaha huo siku za mwisho, akajibiwa kwamba jambo hilo Wivine angelizungumza na Mungu mwenyewe, ana kwa ana. Hatuwezi kumwongezea maneno ambayo hakuyasema.

Alifariki nyumbani kwake Kampemba, Jumanne tarehe 10 Juni 2025 asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sephora. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Mashine ameiachia Abigaïl. Alitamka mbele ya mumewe, kaka yake na padri, kwa hiyo asije mtu wa ofisi yoyote kuiulizia. Somo la Jumamosi linaendelea, na tangu sasa anayelala kitandani ataonyeshwa skrini.

Hospitali ilituomba mambo mawili: wanafunzi wabebe jeneza, na Docteur Zéphirin aseme neno kwa niaba yao. Familia imekaa, imepatana. Jeneza watabeba, mabega wanayo. Kuhusu neno, lilikuwa na siku yake. Ilikuwa Jumamosi, baada ya Pasaka ya mwaka 2023, na yeye alikuwa amelala anawauliza.

Docteur Wivine ameacha mume, Papa Alphonse Chama. Watoto wawili, Sephora na Nono. Mama yake mzazi, Mama Nkandu Philomène, ambaye ameletwa kutoka Kasenga na ameketi mbele. Kaka yake Kapya na mkewe. Wadogo zake wawili, David na yule aitwaye Mimi. Shangazi, wajomba, na wajukuu wa ukoo walio wengi. Ameacha pia wanafunzi wa miaka kumi. Hao wanajijua, kila mmoja na alichokiona.

Mungu ampokee Wivine, mtoto wa Kasonde, ampe pumziko lake, na amwambie yote waziwazi.